Je, Wajua? Ndege Zilishatua, Medali Bado Ziko Angani

Sogea hapa barazani, nafasi ipo. Leo tunao watu wenye deni la ajabu: wanadai kipande cha chuma na utepe wa rangi, kwa kazi waliyoifanya angani wakiwa na miaka 20, na wanakidai wakiwa na miaka 90. Wewe unayelia kwamba hati ya kiwanja imechukua miaka minane, kaa kitako usikilize.

Je, wajua kwamba kuna rubani wa Marekani aliyesubiri miaka 70, na kwa miongo kadhaa hata mkewe hakujua anasubiri nini? Anaitwa Royce Williams. Tarehe 18 Novemba 1952, wakati wa vita vya Korea, aliruka kutoka manowari ya kubeba ndege ya Oriskany akakutana na ndege saba za Kisovieti aina ya MiG-15. Ndege zile zilikuwa na kasi kuliko yake. Wakapigana kwa dakika 35, naye akaangusha nne.

Hujasikia bado. Aliporudi, ndege yake ilihesabiwa matundu 263. Ilikuwa imeharibika kiasi kwamba haikuweza tena kwenda polepole. Ilimbidi atue melini kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 300 kwa saa, juu ya sitaha inayopandishwa na kushushwa na mawimbi. Akatua.

Halafu akaambiwa anyamaze! Moscow haikuwa rasmi vitani, na Washington haikutaka vita vya tatu vya dunia vianze kwa sababu ya kijana mmoja mwenye shabaha. Alinyamaza zaidi ya nusu karne. Nishani ya Navy Cross, ambayo ni ya pili kwa ukubwa katika jeshi la majini la Marekani, ilimfikia Januari 2023. Alikuwa na miaka 97.

Tuvuke bahari. Wajua kwamba katika vita vya pili vya dunia, kikosi cha ndege za mabomu cha Uingereza, Bomber Command, kilikuwa na wanaanga 125,000, na waliokufa ni 55,573? Piga hesabu: katika kila watu 100, karibu 44 hawakurudi. Na wastani wa umri wao ulikuwa miaka 22. Vijana wa kuhangaikia mahari, basi.

Sasa shika kidevu. Marubani wa ndege za kivita waliolinda anga la Uingereza mwaka 1940 walipewa alama yao ya heshima vita vilipoisha, mwaka 1945. Wale wa ndege za mabomu walitangaziwa ya kwao Desemba 2012. Kati ya hizo mbili, miaka 67.

Na unadhani walipewa medali? Hapana, ndugu yangu. Walipewa kijipande cha chuma, chembamba kama pini ya nywele, cha kubandika kwenye utepe wa medali waliyokuwa nayo tayari. Wazee wengi walikuwa wameomba medali kamili. Mimi nawaunga mkono: ukimkopa mtu ng'ombe, humlipi kwato.

Hata hicho kijipande kina masharti. Lazima uwe umetumikia siku 60 kwenye kikosi cha mapigano, au umemaliza zamu yako yote, na uwe umeruka angalau safari moja ya vita. Fundi aliyekesha kwenye baridi akifunga mabomu chini ya bawa, usiku baada ya usiku, miaka mitano? Huyo hakuhesabiwa.

Unajua zamu moja ilikuwa safari ngapi? Kwa kawaida 30. Ndani ya Lancaster, ndege yao ya mabomu, mlikaa watu saba, na mwenye kiti kibaya kuliko wote ni mpiga bunduki wa mkiani. Alikaa peke yake kwenye kibanda cha kioo, saa nane au zaidi, baridi ikishuka mpaka nyuzi 40 chini ya sifuri. Mwavuli wake haukuwa mgongoni kwa sababu hapakuwa na nafasi. Ulining'inia nyuma yake, nje ya mlango wa kibanda. Ndege ikishika moto, ndiyo kwanza aanze kuutafuta!

Na hili je? Kulikuwa na nyota iliyoitwa Aircrew Europe Star, ya walioruka kwenda Ulaya kutokea Uingereza. Mlango wake ulifungwa tarehe 5 Juni 1944. Ukianza kuruka tarehe 6, siku majeshi yalipotua Normandy, unapewa nyota nyingine, ileile anayopewa askari wa miguu na dereva wa lori. Anga ni lile lile, mizinga ni ile ile, ila kalenda imegeuka ukurasa. Ugomvi wa tarehe hiyo umewatoa wazee wengi jasho.

Wajua kwamba watu wawili ndani ya ndege moja, usiku mmoja, kwa ushujaa uleule, walipewa medali tofauti? Afisa alipata msalaba wa fedha uitwao DFC. Sajini aliyekaa naye bega kwa bega alipata DFM. DFC zilizotolewa katika vita hivyo zilizidi 20,000. DFM zilikuwa 6,637. Utaratibu huo ulifutwa mwaka 1993, kwa hiyo uliishi kuanzia 1918, miaka 75.

Kumbukumbu ya vijana hao iko London, kwenye bustani ya Green Park, na Malkia Elizabeth aliizindua tarehe 28 Juni 2012. Tazama juu ukifika. Dari lake limejengwa kwa bati la ndege ya mabomu aina ya Halifax iliyoanguka Ubelgiji Mei 1944. Ndege hiyo ilifukuliwa kwenye tope mwaka 1997, na watatu kati ya waliokuwemo walikutwa bado wamo ndani.

Haya, kunywa kahawa kidogo, maana linalofuata ni kubwa.

Je, wajua kwamba nishani kuu kabisa ya Uingereza, Msalaba wa Victoria, iliwahi kutolewa kwa ushahidi wa adui peke yake? Tarehe 11 Agosti 1943 rubani Lloyd Trigg wa New Zealand aliondoka Gambia, hapa hapa Afrika, akiwinda nyambizi za Wajerumani. Akaipata moja, U-468. Nyambizi ikaipiga ndege yake ikawaka moto. Angeweza kugeuza na kujaribu kutua majini. Hakugeuza. Alikwenda moja kwa moja na moto wake, akadondosha mabomu, kisha ndege ikapiga maji. Hakutoka hata mmoja.

Nani sasa wa kusimulia? Nyambizi nayo ilizama, wakapona Wajerumani saba. Waliokolewaje? Kwa boti ya mpira iliyoelea kutoka kwenye mabaki ya ndege ya Trigg! Kapteni wao, Klemens Schamong, alipookotwa na Waingereza ndiye aliyeeleza ujasiri wa yule rubani. Aliyemuua ndiye aliyemwombea nishani.

Mwingine alisubiri mashahidi watoke gerezani. Norman Jackson alikuwa fundi wa injini kwenye Lancaster, na zamu yake ya safari 30 ilikuwa imeisha. Aliongeza ya 31 ili amalizie pamoja na wenzake. Usiku huo wa Aprili 1944, juu ya Ujerumani, bawa likashika moto.

Unajua alifanya nini? Alitia kizima moto ndani ya koti, akafungua tundu la juu, akatoka nje. Nje ya ndege! Kimo ni zaidi ya kilomita sita, mwendo ni kilomita 320 kwa saa, na mwavuli wake ulikuwa umeshafunguka, wenzake wameushika kamba ndani kama watu wanaovuta jarife. Akaungua mikono, akateleza, akaanguka na mwavuli unaofuka moshi. Akapona. Wenzake walionusurika walikuwa mateka, na waliporudi 1945 ndipo dunia ikajua. Yeye mwenyewe hakuwa amejisifia.

Umeona mchezo ulivyo? Ushujaa peke yake hautoshi, lazima pawe na wa kusema na pawe na karatasi. Sasa ngoja nikuambie kilichozipata karatasi.

Wajua kwamba tarehe 12 Julai 1973 jengo la kumbukumbu za wanajeshi wa Marekani mjini St. Louis liliungua, na mafaili kati ya milioni 16 na milioni 18 yakateketea? Hapakuwa na nakala. Kwa jeshi la nchi kavu, asilimia 80 ya mafaili ya walioacha kazi kati ya Novemba 1912 na Januari 1960 yalikwenda na moshi. Na marubani wa vita vya pili vya dunia walikuwa chini ya jeshi hilohilo la nchi kavu, maana Jeshi la Anga la Marekani lilizaliwa 1947.

Kituko kiko kwenye mafaili ya Jeshi la Anga lenyewe. Moto ule ulikula kwa alfabeti! Waliopona ni wale ambao majina yao yalifika mpaka Hubbard, James E. Baada ya hapo, robo tatu ya mafaili ya walioacha kazi kati ya 1947 na 1964 yaliteketea. Ukiitwa Adams, faili lako lipo. Ukiitwa Williams, tafuta mashahidi.

Uingereza nayo haikuhitaji moto. Kila mwanaanga alikuwa na daftari la safari zake: tarehe, aina ya ndege, jina la rubani, kazi, saa. Safari ya vita ya mchana iliandikwa kwa wino wa kijani, ya usiku kwa wino mwekundu, kwa hiyo ukilifungua leo unaona kurasa nyekundu zikifuatana, na ghafla mstari wa mwisho, kisha weupe. Madaftari ambayo wenyewe hawakuyadai yalikaa serikalini mpaka mwaka 1960, mengi yakaharibiwa. Yalikuwa yanakula nafasi.

Na medali zenyewe za vita zile? Nyingi hazikuvalishwa mtu na mfalme. Ulijaza fomu, ukaletewa kwa posta kiboksi cha karatasi, ndani mna nyota ambazo hazikuandikwa hata jina lako. Wengi waliona ni usumbufu, wakaacha. Ndiyo maana mpaka leo kuna wajukuu wa Uingereza wanaoomba medali za babu ambaye hakuwahi kuziomba.

Nani anataka ya akina mama? Wanawake 1,074 wa Marekani walihitimu urubani katika kikosi cha WASP. Walioomba kujiunga walikuwa 25,000! Walirusha ndege za kijeshi umbali wa maili milioni 60, na kazi yao mojawapo ilikuwa kuvuta shabaha ya kitambaa nyuma ya ndege huku askari wanafunzi wakiipiga kutoka chini kwa risasi za kweli. Wanafunzi, naomba uzingatie.

Walikufa 38. Kwa kuwa kisheria walikuwa raia, serikali haikulipia hata kusafirisha miili, wenzao walichangishana. Walitambuliwa kuwa maveterani mwaka 1977, na Nishani ya Dhahabu ya Kongresi wakaipata tarehe 10 Machi 2010. Mmoja wao, Elaine Harmon, alifariki 2015 akiwa ameusia azikwe makaburi ya taifa ya Arlington. Jeshi likakataa. Majivu yake yakakaa kabatini kwa familia mpaka sheria ilipobadilishwa 2016, ndipo akazikwa.

Wajua kuhusu marubani weusi wa Tuskegee? Walikuwa karibu 1,000, wakifunzwa peke yao kwa sababu ya rangi, wakarudi nyumbani kutoka vitani na askari weupe wakakataa kuwapigia saluti. Tarehe 29 Machi 2007 walipewa Nishani ya Dhahabu ya Kongresi, na Rais George W. Bush akasimama mbele yao akawapigia saluti yeye, kufidia zile zote walizonyimwa. Mmoja wao, Charles McGee, aliruka safari za vita 409 katika vita vitatu tofauti. Alipandishwa kuwa brigedia jenerali akiwa na miaka 100. Eti hapo ndipo alipoiva.

Kabla yao kulikuwa na Eugene Bullard, mzaliwa wa Georgia aliyeruka upande wa Wafaransa mwaka 1917 kwa kuwa kwao hawakutaka rubani mweusi. Ufaransa ilimpa nishani nyingi, na mwaka 1959 ikamwongezea ile yake kuu, Légion d'honneur. Unajua siku hizo alikuwa anafanya kazi gani New York? Kuendesha lifti ya jengo la Rockefeller Center. Watu walipanda naye juu na kushuka naye chini wasijue wamesimama na nani. Jeshi la Anga la Marekani lilimpa cheo cha luteni mwaka 1994, miaka 33 baada ya kuzikwa.

Usiinuke, hili lazima ulisikie. Tarehe 20 Desemba 1943 ndege ya mabomu ya Marekani ilikuwa ikijikokota juu ya Ujerumani, imetobolewa ovyo, mpiga bunduki wa mkiani amekufa. Rubani Charlie Brown, kijana wa miaka 21, akageuza shingo akaona ndege ya kivita ya Kijerumani imejipanga ubavuni kwake. Mjerumani yule, Franz Stigler, alichungulia akaona majeruhi ndani. Hakufyatua. Akawasindikiza mpaka baharini, akapiga saluti, akarudi zake.

Wakubwa wa Brown walimwambia asiseme. Stigler naye angejulikana angepigwa risasi na serikali yake. Brown alianza kumtafuta miaka ya uzeeni, na mwaka 1990 akapokea barua kutoka Canada: mimi ndiye. Wakawa kama ndugu! Mwaka 2008, miaka zaidi ya 64 baada ya siku ile, Brown alipewa nishani ya Air Force Cross na wenzake tisa wakapewa Silver Star kila mmoja. Mwaka huohuo wote wawili wakafariki, Stigler Machi, Brown Novemba.

Haraka haraka sasa. Wajua marubani wa Flying Tigers, walioipigania China mwaka 1941 na 1942 kwa ndege zilizochorwa meno ya papa, walipewa DFC zao, zile za Kimarekani, mwaka 1996? Walikuwa wakilipwa dola 500 kwa kila ndege ya Kijapani waliyoiangusha. Fedha ilikuja mapema, medali ndiyo ikachelewa.

Wajua kuna Wamarekani waliofungwa Uswisi, nchi isiyo na vita? Ndege zao zilitua huko zikiwa mbovu, wakajaribu kutoroka warudi vitani, wakatupwa kambi ya Wauwilermoos. Afisa mmoja, Dwight Mears, ambaye babu yake alikuwa humo, alihangaika miaka mingi mpaka Kongresi ikabadilisha sheria. Wanaanga 143 wakastahili Nishani ya Mateka wa Vita. Wanane walivishwa mwaka 2014.

Wajua mwaka 2017 watu zaidi ya 237,000 walitia saini kumwombea mzee Johnny Johnson cheo cha heshima? Alikuwa Mwingereza wa mwisho aliyebaki kati ya waliokwenda kuvunja mabwawa ya Ujerumani mwaka 1943, usiku ambao ndege yake ilipita juu ya bwawa mara tisa bila kuridhika na shabaha, ikadondosha bomu mara ya kumi. Waliomba aitwe Sir, akapewa MBE. Na Marekani kuna sheria ya mwaka 1996: mbunge wako anaweza kuomba medali yako ichunguzwe upya hata kama muda wake umepita zamani. Ina maana babu anahitaji mbunge anayepokea simu.

Na sisi huku? Tupo! Je, wajua kwamba mwandishi Roald Dahl alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya mafuta Dar es Salaam, tena akizungumza Kiswahili? Novemba 1939 alipanda gari lake hadi Nairobi kujiandikisha urubani, na akajifunzia kuruka hapo hapo, mtu wa karibu mita mbili amekunjwa ndani ya kindege kidogo cha Tiger Moth. Ameandika mwenyewe kuwa walianza 16, na 13 wakafa angani.

Dahl alipigana juu ya Athens tarehe 20 Aprili 1941, na siku hiyo akafa Pat Pattle, mzaliwa wa Afrika Kusini, ambaye huenda ndiye rubani aliyeangusha ndege nyingi kuliko wote upande wa Uingereza. Huenda, kwa sababu makaratasi ya kikosi yalipotea wakati wa kukimbia Ugiriki. Wanaomhesabia wanasema zaidi ya 40. Hesabu kamili haitajulikana tena.

Afrika Magharibi ilitoa wanaanga pia. John Smythe wa Sierra Leone alidunguliwa Novemba 1943 na kuwa mateka wa Wajerumani, ambao walibaki wakishangaa kuona afisa mweusi. Baadaye akawa mwanasheria mkuu wa nchi yake. Akin Shenbanjo wa Nigeria alipata DFC, na wenzake waliipa ndege yao jina la kumtania na kumheshimu: Achtung! The Black Prince.

Mzee John Hemingway, wa mwisho wa wale marubani waliolinda anga la Uingereza mwaka 1940, alifariki tarehe 17 Machi 2025 akiwa na miaka 105. Alidunguliwa mara nne. Foleni inazidi kuwa fupi, na si kwa sababu wamehudumiwa.

Basi ukirudi nyumbani nifanyie jambo moja. Kama babu yako alikuwa keya, askari wa Kiafrika wa jeshi la Mwingereza, akaenda Burma akarudi, kuna sanduku la bati chini ya kitanda cha mtu. Lifungue. Ukikuta humo karatasi ya njano ya kuachishwa jeshi, usimpe mtoto akafungie karanga.